Miaka sita kwenye seva, cheti sina: nikalipie CCNA?

Fundi Waya
Wakuu, salaam. Nipo Mbeya, mwaka wa sita sasa nahudumia mtandao wa hospitali moja. Niliingia kama mvuta nyaya. Leo seva, bakapu, akaunti za wafanyakazi, vyote juu yangu. Majuzi niliomba kazi Dar, hata kwenye usaili sikuitwa. Tangazo lilitaka CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco. Mtihani dola 300, na cheti kinaisha nguvu baada ya miaka 3. Kijana tuliyeletewa anacho, ila kukrimpu waya, yaani kubana kichwa cha plastiki kwenye ncha yake, mpaka nimshikie. Nitoe hiyo hela kweli?

Mama Rauta
Pole mdogo wangu. Kijana usimcheke, kukrimpu anajifunza asubuhi moja. Mimi nilikuwa na miaka minane kazini, siku hiyo jengo zima likakosa mtandao, taa za swichi, vile visanduku vya kuunganishia kompyuta, zinapepesa zote pamoja kama za ukumbi wa harusi. Masaa matatu nachomoa waya mmoja mmoja. Nyuma ya printa ya uhasibu nikakuta mtu kaokota waya uliolegea, kachomeka ncha zote mbili ukutani. Nikajiona bingwa! Baadaye nasomea CCNA, nafika kwenye STP, utaratibu ulio ndani ya swichi: kazi yake ndiyo hiyo, kufunga njia inayozungusha data. Kwenye swichi zetu kuna mtu alikuwa ameizima. Masaa yangu matatu yalikuwa amri moja tu. Nilicheka peke yangu usiku ule.

Mzee wa Linux
Kama mkate wako ni seva, tazama RHCSA, cheti cha Red Hat cha kuendesha mashine za Linux. Hakuna a, b, c, d. Unapewa mashine na kazi za kufanya, intaneti hakuna. Diski isipojiunga yenyewe na mfumo mashine ikiwashwa upya, imekula kwako. Mimi hapo ndipo niliposhikwa mara ya kwanza. Wale wa kukariri maswali yaliyovuja huku hawatoboi.

Fundi Waya
Shikamoo mama. Nimekwenda kuzikagua swichi zetu: mbili kati ya nne ni zile za bei rahisi, hata pa kuingizia amri hazina. RHCSA ije baadaye mzee wangu, Dar wametaka CCNA. Naanza na Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mtandao kwenye kompyuta, ile ni ya bure. Kijana kakubali kunielekeza kugawa anwani za IP, zile namba za kutambulisha kila mashine mtandaoni, kila jioni tukifunga ofisi. Krimpa yangu anayo yeye tangu jana.