Mjadala: Hivi Amunike alistahili kuondolewa Taifa Stars?

Wadau, kuna kauli naisikia kila Afcon (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya 2019 ikitajwa, eti Emmanuel Amunike, yule Mnigeria aliyeifundisha Stars, alikuwa mchezaji wa maana ila ukocha hamna kitu na TFF, shirikisho letu la soka, walifanya vizuri kuachana naye. Mimi nakataa kabisa, tulimkosea yule mtu.

Kwenye uchezaji hakuna wa kubisha. Fainali ya Afcon 1994 kule Tunis Zambia walitangulia kufunga, yeye akapiga mabao 2 Nigeria wakabeba kombe, mwaka huohuo akawa mchezaji bora wa Afrika. 1996 fainali ya Olimpiki akawafunga Argentina bao la ushindi, 3-2. Akaenda Barcelona, goti likamharibia.

Sasa huo ukocha mnaosema hamna kitu, 2015 aliwapa Nigeria Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 kule Chile, na kwenye kikosi kile mshambuliaji Victor Osimhen alifunga mabao 10, yaani kabla dunia haijamjua huyu mtu Amunike alishampanga namba 9.

Alipokuja kwetu Agosti 2018 Stars ilikuwa haijagusa Afcon tangu 1980, miaka 38, na ile ya 1980 ilichezwa kwao Lagos tukapigwa 3-1 na Nigeria mechi ya kwanza. Machi 24, 2019 nilikuwepo Uwanja wa Taifa, mechi ya mwisho ya kufuzu dhidi ya Uganda, jukwaa la mzunguko, mbele yangu kuna mzee kashika redio ndogo sikioni anasikilizia Cape Verde na Lesotho maana kufuzu kwetu kulitegemea na kule, kila baada ya dakika mbili watu wanamvuta shati "mzee vipi huko?" na yeye anajibu kwa kidole tu, bado, bado. Msuva akafungua, Nyoni akaweka penalti, Aggrey Morris akamaliza kwa kichwa, 3-0, kule ikaisha 0-0, yule mzee akakaa chini kwenye zege akalia. Sijawahi kuisahau ile sura.

Najua mtasema Uganda walishafuzu kwa hiyo hawakukaza. Sawa, lakini makocha wangapi kabla yake walipata nafasi wakashindwa kuzitumia? Na mtaniletea kipigo cha 1-0 kule Lesotho, hapo sibishi, siku ile alikosea, tulicheza kama tunaogopa.

Ila kwenye Afcon yenyewe ndo naona tulimhukumu bila kutazama kundi. Tulifungwa na Senegal 2-0, Kenya 3-2, Algeria 3-0. Halafu fainali ikachezwa na nani? Algeria na Senegal! Timu mbili za kundi letu ndo zilibaki mwisho Afrika nzima, sisi ndo kwanza tunarudi baada ya miaka 39 tulitegemea nini jamani? Mechi inayouma ni ya Kenya tu, tumeongoza mara 2, Msuva kisha Samatta, tukashindwa kulinda, Olunga akatumaliza. Hiyo ni lawama ya haki na nampa. Lakini wiki moja baada ya mechi ya Algeria mtu hayupo, mwaka mmoja haujatimia.

Na kuna hili la nidhamu. Alipofika tu aliwaacha wachezaji kadhaa wa Simba kwa kuchelewa kambini, mitaani ikawa vita, akaitwa mwenye kiburi. Mimi nilimwelewa, kwa sababu timu ya taifa ilishazoeleka kuwa ya kuamuliwa na mashabiki wa Simba na Yanga, na yeye alikuwa mgeni asiye na upande.

Kwa hiyo nyie mnaosema aliondolewa kwa haki nijibuni hili moja, kwenye kundi lile na kikosi kilekile, kocha gani mnayemjua angetuvusha, na angetuvusha kwa kumfunga nani?