Fuso ya pili, au niiuze hii nichukue semi? Naombeni ushauri

Mbao_Nyororo
Wakuu, habari za jioni. Nina Fuso moja ya tani 10, huu ni mwaka wa tatu iko barabarani na haina deni. Inashusha mbao na viazi Dar, kupanda inarudi na simenti au bati. Sasa nataka kukua. Naona njia mbili: niongeze Fuso ya pili, au niiuze hii, nichanganye na akiba, nichukue kichwa cha Scania na tela niingie mizigo ya Zambia na Kongo. Kuna kichwa nimeonyeshwa na muuzaji amenipa mpaka Ijumaa. Ipi bora? Natanguliza shukrani.

Mama Turubai
Mwanangu, umetuuliza bei ya ng'ombe bila kutuonyesha ng'ombe. Akiba ni shilingi ngapi? Kuna mkopo hapo ndani? Hiyo Fuso unaendesha wewe au umeajiri? Na huo mzigo wa Kongo unapewa na nani? Jibu kwanza hayo.

Kilomita_Moja
Chukua semi, usiangalie nyuma. Kwa sheria ya uzito ya Afrika Mashariki, ile iliyoanza kutumika kwetu 2019, gari la ekseli mbili halivuki tani 18 pamoja na uzito wake lenyewe. Semi ya ekseli sita inaruhusiwa 50: 8 mbele, 18 kwenye difu mbili, yaani ekseli za nyuma za kichwa, 24 kwenye tela. Dereva ni yule yule mmoja, mzigo karibu mara tatu. Ukiwa na Fuso mbili unalipa madereva wawili, mautingo wawili, bima mbili, na bado hujafikia mzigo wa semi moja.

Fundi Springi
Mkuu, Scania ipi? 113, 124, P380? Difu moja au mbili? "Kichwa cha Scania" ni kama kusema "nyumba ya bati".

Ukienda kuiona, nenda alfajiri bila kumpigia simu muuzaji, uikute injini ya baridi. Gusa bomba la rejeta kwa kiganja; likiwa la moto ujue wameiwasha mapema kuficha kitu. Chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia, rudi nyumbani. Halafu iwashwe, ufungue kifuniko cha oili ikiwa inaunguruma: moshi ukitoka kwa kusukuma, ringi za pistoni zimekwisha. Mwisho ingia chini na tochi, uangalie chesisi pale inapokaa sahani ya kubebea tela. Rangi mpya sehemu moja tu huwa imefunika mahali palipochomelewa.

Mbao_Nyororo
Mama Turubai shikamoo, samahani kwa kuacha hayo. Akiba milioni 45. Fuso nimeambiwa itatoka kwa 50 hadi 55. Kichwa na tela wanataka 130. Pengo nitakopa, marejesho kama milioni 2 kwa mwezi, miaka miwili. Naendesha mwenyewe safari nyingi, nikichoka anashika mdogo wangu, ana leseni daraja E. Mzigo, kuna jamaa Dar anasema upo muda wote. Fundi, ni P380 ya difu mbili.

Mama Turubai
Marahaba. "Mzigo upo muda wote" niliambiwa na mimi, 2017. Ngoja nikusimulie.

Nilikuwa na semi moja imetulia, inakwenda Lusaka na kurudi. Nikakopa nikanunua ya pili, dhamana nikaweka ile ya kwanza. Wakala mmoja akanipa vifaa vya mgodi kwenda Kolwezi, Kongo: nusu ya malipo kabla, nusu nyingine karatasi zikirudi na mhuri wa kushusha. Gari likakaa Nakonde, mpakani ukishavuka Tunduma, siku 9, karatasi hazijakamilika, na posho ya dereva haisubiri. Likatoka, Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, siku 6 nyingine. Mzigo ukashuka salama, Mungu ni mwema. Lakini wa kurudi hakuna, dereva akakaa Likasi wiki mbili anangojea shaba, na kila siku ananipigia ana njaa.

Lilipofika Dar usiku nikalipokea mwenyewe. Tairi zangu huwa nazichoma namba ubavuni kwa chuma cha moto, moja hadi 22. Nikapita na tochi, nikichuchumaa, moja moja. Nane hazikuwa na namba. Vipara vitupu, moja waya umetokeza nje nikauhisi kwa kidole. Dereva ni mtu aliyefuturu nyumbani kwangu na wanangu. Aliinamisha kichwa, hakusema neno, na mimi nikakosa la kumwambia.

Nusu ya pili ya pesa niliipata siku ya 74. Wakati huo mkopeshaji alishakuja na kopo la rangi, akaandika namba ya mnada kwenye kichwa cha kwanza, kile kisicho na kosa lolote. Nilisimama pembeni namwangalia anavyoandika.

Kilomita_Moja
Pole sana dada yangu, hilo linauma. Ila hapo aliyekuumiza ni wakala na dereva, semi haina kosa. Hata Fuso ya pili itataka dereva.

Mama Turubai
Kweli. Ila Fuso ikikwama Ilula nampandisha fundi basi, jioni ameshafika. Semi ikikwama Mpika, Zambia, nalipa kwacha kwa mtu nisiyemjua, ananipa bei kwa simu, na sina namna ya kubisha.

Mpunga_Ubaruku
Naunga mkono Fuso ya pili. Huku kwetu Mbarali mpunga ukianza kuvunwa magari hayatoshi, watu wanagombea. Na mwenye gunia anakulipa Dar siku hiyo hiyo akishashusha, hakuna kungoja karatasi zenye mhuri. Shida yake ni miezi mikavu: mazao yakiisha unakaa kijiweni na Fuso mbili badala ya moja. Nimeshakaa hivyo, mwezi mzima, nabeba matofali ya watu kwa bei ya kulipia mafuta tu.

Tela Tatu
Kwa nini hamtaji Howo, lori la Kichina? Milioni 130 kwa Scania iliyochoka ya nini? Ongeza kidogo upate Howo yenye kilomita chache. Spea zimejaa Gerezani na bei yake inabebeka.

Fundi Springi
Ni rahisi kupatikana kwa sababu zinahitajika mara kwa mara, kaka. Mimi Uyole hapa Howo nazifungua kila wiki. Scania ikitunzwa inazeeka na heshima yake, na hata mkweche unapata mnunuzi.

Tela Tatu
Unazifungua kila wiki kwa sababu ziko nyingi barabarani. Mimi ninazo mbili, mwaka wa nne huu, na gia boksi sijagusa. Ukizipakia uzito wa sheria na dereva akateremka mlima Kitonga kwa gia ndogo badala ya kukanyaga breki mpaka chini, zinadumu.

Fundi Springi
Hapo kwenye Kitonga tunakubaliana. Breki zinazoletwa kwangu zikiwa zimeungua, nyingi ni za madereva wa gia kubwa.

Stesheni_Makambako
Mnabishana magari, reli je? Mkataba wa kuifufua TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ulisainiwa 2025. Ni kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi. Ikisimama sawasawa, shaba itapanda treni. Mtu anayekopa leo kwa ajili ya mzigo wa Kongo aliwaze hilo.

Kilomita_Moja
Tangu nikiwa utingo naambiwa reli inakuja kutumaliza. Reli haifiki mlangoni kwa mteja. Na miaka miwili ya mkopo wake itakuwa imeisha.

Stesheni_Makambako
Mkopo utaisha, je gari atalila? Mimi natamani reli ipone. Barabara yetu imebeba zaidi ya uwezo wake, na kila ajali pale mlimani tunapoteza vijana.

Mbao_Nyororo
Wakuu nashukuru. Leo alfajiri nimefika bila kupiga simu kama alivyosema Fundi. Bomba la rejeta lilikuwa la baridi, oili safi, ila kwenye chesisi nimeona rangi mpya kama urefu wa mkono. Muuzaji anasema ni kutu tu ilisuguliwa. Nimemwomba aniongezee wiki, amekubali. Yule jamaa wa mzigo nilimuuliza nani analipa na baada ya siku ngapi, mpaka saa hizi hajajibu.

Mke wangu yeye anasema Fuso. Mdogo wangu anasema semi, ila yeye ndiye atakayeiendesha.

Fundi Springi
Usimkubalie kutu kwa maneno. Mwombe aipige brashi ya waya mbele yako. Akikataa, umeshajibiwa.

Mbao_Nyororo
Sawa mkuu. Mama, hicho chuma cha kuchomea namba ulichongesha wapi? Hata hii Fuso sijaweka alama tairi hata moja.

Mama Turubai
Kwa mchomeleaji yeyote. Mpe nondo ya milimita 8 aikunje namba, na mkono mrefu usije ukaungua. Ipashe kwenye mkaa mpaka iwe nyekundu, gusa juu juu karibu na jina la tairi, alama isizidi unene wa ukucha. Ukizamisha utafika kwenye nyuzi, tairi itapasuka njiani. Na namba uziandike kwenye daftari linalobaki nyumbani, siyo kwenye gari.