Video ni ya BURE, lakini leta nambari ya kadi!

Wadau, nimetoka kutukanwa sasa hivi. Mnawajua hao, wale wenye tovuti inayokaa juu kabisa kila ukitafuta video za bure mtandaoni. Natengeneza video fupi ya chama cha kina mama mboga wa soko la Marikiti. Bajeti ni sifuri, nataka vipande vya kujazia tu: mvua, jiji usiku kutoka juu.

Kitufe kimeandikwa BURE, herufi kubwa kama bango la mkutano wa injili. Nikabonyeza. Wakataka jina, nikatoa. Barua pepe, nikatoa. Kampuni yangu ina wafanyakazi wangapi? Bado kidogo waulize mahari. Halafu wakaomba nambari ya kadi. Kadi! Kwa kitu cha bure! Eti "hutatozwa leo". Leo! Basi nitatozwa lini, siku ya matanga yangu?

Na video zenyewe! Andika "Nairobi", unaletewa twiga. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 4 hapa, hawa hawajaona hata makanga mmoja. Lakini twiga ningemvumilia. Kadi je?

Fundi_wa_Kasarani: Bado unaenda huko? Kwenye tovuti ya Pexels unapakua bila kadi, na si lazima umtaje mpiga picha. Kwingine soma leseni, yaani masharti ya mwenye video: ikiandikwa CC BY lazima umtaje, ikiwa na herufi NC usiitie kwenye kazi ya biashara.

Mchokozi254: Kina mama wako Marikiti, wewe una simu. Panda matatu.

Mwenye uzi: Jiji usiku kutoka juu nitalipiga nikiwa kwenye ungo? Droni inataka kibali cha KCAA, wale wa mamlaka ya usafiri wa anga! Na hakuna aliyejibu suala la KADI.

Baba_Shiro: Kibali ni cha droni tu? Juzi mlinzi wa jengo moja pale mjini kanifukuza napiga picha ukuta wa nje. Ukuta! Kanishika shati mbele ya watu.

Binti_wa_Umoja: Heri wewe ulishikwa shati. Mimi nilikuwa napakua video ya 4K, ile ya picha kali na faili zito, ikafika asilimia 97, bando likakata. Ukianza upya inaanza sifuri.

Mchokozi254: 4K ya nini na watu wataitazama WhatsApp?

Binti_wa_Umoja: Niulize mteja wangu, ambaye hajalipa tangu Pasaka.

Baba_Shiro: Wateja! Ngoja niwasimulie wangu wa harusi.

Mwenye uzi: Jamani, KADI!

Fundi_wa_Kasarani: Baba Shiro, simulia. Ni yule wa Ruiru?