Amefungua ZIPU ya hema langu wakuu, narudia, ZIPU

Salamu baadaye, nina hasira hapa hata kutaipu siwezi. Yule bwana nyani wa pale kambini Saadani mnamjua wote, msijifanye, yule mwenye pua kama mbwa na mkia kama umevunjika. Juzi mimi na waifu tumepiga hema karibu na maji tukasema leo tunalala na mawimbi, asubuhi nimetoka kunawa uso tu, dakika tano hazijaisha, narudi namkuta kashika zipu. Hakurarua wakuu. Angerarua ningesema sawa, mnyama. Kafungua taratibu kama baba mwenye nyumba katoka kazini, kazama ndani, katoka na mkate mzima na chane ya ndizi, akakaa juu ya ndoo YANGU anamenya, ananiangalia, akapiga mwayo, yale meno Mungu wangu ni mapanga. Nikamrushia kandambili, akakwepa bila kuinuka. Askari anakuja ananiuliza mimi eti chakula kilikuwa kinafanya nini ndani ya hema!! Na waifu anacheka, anasema "Baba Juma, hiyo zipu si jana ilikushinda nusu saa?"

Zipu jamani.

Mtu wa Pangani: Umeenda kulala kwao halafu unalalamika umetembelewa 😂

Kibuyu: Shukuru ni huyo, ungekutana na kiboko wa Wami katoka kula majani usiku usingekuwa na mkono wa kutaipu

Bibi Harusi77: Mkate sawa, ila chane nzima ya ndizi ya watu wawili? Mlikuwa mnamsubiri huyo

Mdigo Halisi: Hiyo ni mchezo, njooni Diani muone kima. Wangu aliingia jikoni akabeba sukari na akafunga mlango

Mzee wa Forodhani: Kima gani, nyinyi hamjawahi kuishi na kunguru. Waliletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale taka, mpaka leo taka zipo na wao wapo, jana kapita na kipande changu cha pweza

Mwenye uzi: Turudi kwenye zipu tafadhali

Kibuyu: Mzee, pweza Forodhani kipande shingapi siku hizi?

Mzee wa Forodhani: Usiniulize, nalia