Kariakoo, wageni na biashara ndogo: mwenyeji ni nani?

Muuza Vitenge: Waheshimiwa, amri ya serikali ya Julai 2025 imewazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwamo uwakala wa fedha kwa simu na ufundi wa simu; swali langu ni kama haikuchelewa. Fremu niliyoipanga Mtaa wa Kongo kwa miaka tisa ilichukuliwa na mgeni aliyelipa kodi ya miaka miwili kwa mkupuo, na kwa kuwa mzigo wake unatoka kiwandani kwa ndugu zake, anauza rejareja kwa bei ambayo mimi nanunulia jumla. Sisi wenyeji wa jiji hili la Dar es Salaam twende wapi?

Mjukuu wa Mzizima: Pole kwa fremu, dada yangu, ila neno "wenyeji" limenichoma. Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga hapa katika miaka ya 1860 aliikuta Mzizima, kijiji cha Washomvi na Wazaramo, na bibi yangu hadi anafariki alikuwa akituonyesha ilipokuwa minazi ya wazee wake, ambapo sasa pana gereji. Wakaja Wamanyema, Wanubi, Wahindi na watu wa bara, na hatukumfukuza mtu. Wewe ulishuka stendi mwaka gani?

Muuza Vitenge: Nilitoka Moshi mwaka 2003 na sifichi. Kuniuliza nilishuka lini ni kunivua uraia wangu, kaka, na sikutegemea kuyasikia hayo katika nchi hii. Mtanzania hawi mgeni Tanzania. Mimi namzungumzia aliyeingia kwa viza ya matembezi.

Mtoto wa Mishamo: Naomba niingie hapo hapo kwenye uraia. Baba yangu alikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, mimi nikazaliwa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi, na tulisubiri hadi 2014 ndipo serikali ilipowapa uraia wakimbizi wapatao 162,000 wa kundi lile. Leo natengeneza simu Kariakoo, mahali ambapo hata jina lake limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza. Na tangu amri itoke, wateja wakiisikia lafudhi yangu huniuliza kama ninaruhusiwa. Cheti nimekibandika ukutani, juu ya meza ya kazi, ili nisiwe nakitoa mfukoni kila saa.

Muuza Vitenge: Cheti hicho kinatosha kabisa, mdogo wangu, na anayekuuliza anakukosea. Lakini Mjukuu wa Mzizima bado hajanieleza mwaka nilioshuka stendi unamhusu nini.