Akiba ya sakiti: ikae sehemu moja au kila kanisa lishike ya kwake?

Mwanasakiti

Mbukwenyi wakuu, Bwana asifiwe. Naleta hoja ambayo kwetu ilifanya kikao kikaisha watu wanatoka nje bila hata sala ya kufunga.

Kwa wasiojua, sisi Wamethodisti tunapangwa kwa sakiti, yaani makanisa kadhaa chini ya mchungaji kiongozi mmoja, yanachangia mshahara wake na pikipiki yake na mambo mengine ya pamoja, ila kila kanisa lina mhazini wake na daftari lake. Huku Dodoma hatuko wengi kama Waanglikana kwa hiyo sakiti moja inaweza kuanzia mjini kabisa ikaishia vijiji vya Bahi.

Sasa tangu serikali ihamie huku makanisa ya mjini yamejaa watumishi, mshahara ukitoka hata kapu la sadaka linajua. Kijijini sadaka inafuata mvua. Baada ya mavuno mnada wa sadaka unachangamka kweli, huyu kaleta debe la uwele, yule kaleta jogoo, jogoo anauzwa, aliyemnunua anamrudisha mezani auzwe tena, anauzwa, anarudishwa, mpaka jogoo mmoja anaingiza hela ya mbuzi na watu wanacheka hadi machozi. Halafu inafika Januari hadi Machi, ghala limekwisha, shamba linataka palizi, kapu linapita na kurudi na sarafu tu. Mchango wa sakiti hausubiri lakini, uko palepale.

Pendekezo lililoko mezani ni kwamba kila kanisa lipeleke akiba yake kwenye akaunti moja ya sakiti. Wengine wanasema ndio upendo wenyewe, wengine wanasema ni wizi ulioombewa.

Msimamo wangu, na mnaweza kunipinga: kutunza pamoja sawa, kumiliki pamoja hapana, hela ya kanisa isiende kwingine mpaka kanisa lenyewe liridhie. Kutunza na kumiliki ni vitu viwili tofauti na kwenye vikao vyetu vinachanganywa kila siku, ndio maana tunagombana. Wenzetu wa Uingereza walishavitenganisha zamani. Wana chombo chao kiko Manchester, Trustees for Methodist Church Purposes, kinashika hati za majengo na fedha nyingi za dhamana za makanisa na sakiti, ila kazi yake ni kushika, anayeamua zitumikeje kwa kazi iliyokusudiwa ni wadhamini wa kanisa au sakiti husika. Kwa hiyo unaweza kuwa na hela mahali pamoja na makanisa mengine na bado kila mmoja anajua ya kwake ni ipi hadi senti. Na suala la kugawana wameliwekea kanuni pembeni, kwa mfano kanisa likiuza jengo kuna asilimia inaenda kwenye mfuko wa pamoja, imeandikwa, inajulikana kabla hata mnunuzi hajapatikana. Hakuna mtu wa kupiga magoti kwenye kikao kuomba.

Tena sakiti kule inatakiwa iwe na sera ya akiba iliyoandikwa: tunaweka kiasi gani, kwa sababu gani, ikizidi tunaifanyia nini. Sisi akiba yetu ni "kilichobaki". Hiyo sio akiba jamani, hiyo ni bahati.

Karibuni.

Mama K wa Kizota

Mwanasakiti nakuheshimu kaka yangu ila hapa mnatutafuta ubaya. Kanisani kwetu tunachangia choo na ukuta. Kuna bibi anauza ubuyu na karanga, kila Jumapili anakuja na bahasha yake imeandikwa CHOO kwa kalamu nyekundu, ndani elfu mbili, mara nyingine elfu moja na sarafu. Hiyo hela iko benki, na kwenye kikao nimesikia inaitwa "akiba ya kanisa la mjini". Leo nimwambie bibi kwamba elfu mbili zako zimenunua tairi la pikipiki ya mchungaji? Nani atamwambia? Wewe?

Mwanasakiti

Mama K hapo sina ubishi. Ya bibi sio akiba, ni deni tunalodaiwa mpaka choo kisimame. Fedha iliyotolewa kwa kazi fulani haihamishwi kwenda kazi nyingine, hata mchungaji kiongozi akisema, na kwenye hesabu iwe na mstari wake peke yake. Ninayoiongelea mimi ni ile isiyo na jina, sadaka za kawaida zilizobaki baada ya matumizi. Na ukweli mchungu ni kwamba makanisa mengi ya kwetu yakiondoa zenye jina, akiba iliyobaki ni ndogo sana, tunajiona matajiri kwa hela za watu.

Mhasibu Area D

Niongee upande wa hela zenyewe maana mnajadili kama vile benki ni sanduku la chuma.

Mkirundika zote akaunti moja benki moja mmeongeza hatari, hamjaipunguza. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa mpigo kwa sababu mtaji ulikuwa hautoshi: Covenant, Efatha, Njombe, Kagera Farmers na Meru. Watu wa makanisa na vikundi walikuwemo humo. Bima ya amana wakati ule ilikuwa inalipa haraka mwisho 1,500,000 kwa mwenye akaunti, zaidi ya hapo unasubiri ufilisi. Sasa hivi kiwango kimepandishwa hadi 7,500,000. Makanisa sita, kila moja na akaunti kwa jina lake, ni wateja sita. Mkijiunga mnakuwa mteja mmoja. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo mimi ningegawa kwa muda. Ya miezi mitatu ya mishahara, NSSF ya mlinzi, umeme, hiyo ikae benki inapotoka siku hiyohiyo. Ya mwaka huu na ujao ambayo hamjui mtaihitaji lini, kuna mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, mnanunua vipande, na ukitaka kuviuza unapata hela ndani ya siku chache za kazi. Ya muda mrefu kabisa, kama ya kujenga nyumba ya mchungaji baadaye, hatifungani za serikali, yaani mnaikopesha serikali kwa miaka kadhaa, mnaanzia milioni moja na riba inaingia kila miezi sita. Hapa ndipo kuungana kuna faida, kanisa la kijijini lenye laki mbili peke yake halifiki hiyo milioni, mkiunganisha linafika. Ila msipeleke hela ya bati kwenye hatifungani ya miaka 20, upepo wa huku uking'oa paa mtauza kwa bei ya soko la siku hiyo na mnaweza kupata chini ya mlichoweka.

Na kitu kingine, viwanja na majengo viko kwenye jina la Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, chini ya Sura ya 318 ya sheria, sio jina la mzee wa kanisa. Ajabu hela zinakaa kwenye simu ya mhazini. Mhazini akipoteza laini? Akifariki?

Njia ya Bahi

Mimi ni wa kijijini naomba nisikilizwe maana naona wa mjini wanaongea na wa mjini.

Hatuombi bahasha ya bibi. Mwezi wa pili mwaka fulani kanisani kwetu tulikuwa na madeni ya duka, mafuta ya jenereta na vipaza sauti vya kukodi wakati wa mkutano wa injili, na mchango wa sakiti tunadaiwa, mhazini wetu akaenda kukopa kwa mtu wa mtaani kwa riba ya magunia wakati wa mavuno. Magunia! Wakati kanisa la mjini kilomita chache tu kutoka hapa lina hela imelala haina kazi. Riba tuliyolipa ingeezeka nusu ya jengo la watoto.

Mwanasakiti anasema "mpaka kanisa lenyewe liridhie". Kaka, mwenye nacho lini akaridhia? Na msisahau haya madarasa yetu ya Kimethodisti, yaani vikundi vidogo vya waumini chini ya kiongozi, yalivyoanza. 1742 kule Bristol kulikuwa na deni la jengo, watu wakakubaliana kila mtu atoe penny moja kwa wiki hadi liishe. Mmoja akasema wengi ni maskini hawawezi. Kapteni mmoja akasimama akasema nipangieni kumi na moja walio maskini kuliko wote, anayeweza atoe, asiyeweza mimi nitajazia. Viongozi walipokuwa wanapita kukusanya kila wiki ndipo wakaanza kuona watu wanaishije, ikawa ndio darasa. Yaani Umethodisti umejengwa na mtu aliyekubali kumjazia mwenzake, leo mnaniletea sera ya akiba.

Mlei mtupu

Kwani imani iko wapi? Luka 12 yule tajiri alipanga kujenga ghala kubwa, akaambiwa usiku uleule roho yake inatakiwa. Hela ya Mungu ifanye kazi ya Mungu sasa hivi, akiba ni hofu tu iliyovaa tai.

Mhasibu Area D

Na Yusufu je? Sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba, na Biblia haikumwita mwoga. Tofauti ni kwamba Yusufu alijua anaweka kwa ajili gani na lini ataifungua.

Mwanasakiti

Asante Mhasibu, umemaliza hilo.

Njia ya Bahi umenipata pabaya na yule kapteni. Lakini soma vizuri ulichoandika mwenyewe, alijitolea, hakuna aliyemwendea mfukoni. Na alikuwa na orodha, watu kumi na moja, wanajulikana, anawafuata kila wiki. Mimi naogopa chungu kisicho na orodha. Tukichanganya tu, miaka miwili mjini wataacha kutoa maana wanajua inaondoka, na kijijini watazoea kusubiri, na tutakuwa tumeua vyote viwili.

Ila "mpaka waridhie" nakubali ni mwanya, nauziba hivi. Kila kanisa liweke kiwango chake cha akiba, tuseme matumizi ya miezi mitatu. Tuseme kanisa linatumia laki nane kwa mwezi, kiwango ni milioni mbili na laki nne, mkutano wa sakiti unakipitisha mara moja kwa mwaka. Chini ya hapo hakuna anayegusa. Ikizidi, na haina jina la kazi maalum, nusu ya kilichozidi inaingia mfuko wa sakiti bila kikao wala maombi. Kutoka mfuko huo kanisa la kijijini linakopa Januari bila riba, linarudisha baada ya kuuza alizeti au zabibu, na mvua zikikataa mkutano unaamua kufuta deni waziwazi mbele ya wote, liandikwe limefutwa. Asikope tena mtu kwa magunia.

Na hofu ya Mhasibu ya kuwa mteja mmoja ni ya kweli, kwa hiyo hela za kila siku zibaki kwenye akaunti za makanisa. Zinazokwenda pamoja ni zile za muda mrefu tu.

Njia ya Bahi

Nusu ndogo. Lakini hilo la kufuta deni waziwazi nalitaka, maana saa hizi madeni yetu yanasemwa chinichini kila uchaguzi wa wazee ukikaribia.

Mama K wa Kizota

Mimi nitakubali kwa masharti. Watia saini wawe watatu, mmoja lazima atoke kanisa la kijijini na mmoja awe mama. Meseji ya benki ikiingia isiishie kwa mtu mmoja. Taarifa ya mfuko ibandikwe mlangoni kila robo mwaka, makanisa yote, kwa Kiswahili cha kawaida sio zile jedwali za Mhasibu. Na kabla ya hiyo nusu kwenda popote, hela zote zenye jina zihesabiwe zitolewe kwanza. Za kwetu nimeshaanza kuzipitia na kauntabuku, bahasha za CHOO peke yake zimejaza kurasa.

Mhasibu Area D

Mama K jedwali zangu zina kosa gani sasa? Nitumie hizo kurasa nikusaidie kujumlisha.