Tupeane uzoefu: namba ya kazi na namba ya nyumbani, watu wa Lamu mwazitenganishaje?

Fundi Langoni
Msimu wa wageni umefunguka na stetasi za watu za WhatsApp zimeanza vituko. Bei ya kwenda kisiwa cha Manda Toto, nyuma yake mtoto na kanzu ya Maulidi, nyuma yake matusi ya siasa. Namba ni moja, na mgeni aliyeihifadhi ayaona yote. Watu wa mashua, wa hina, wa nyumba za Shela, walimu, leteni ujuzi. Msiseme "tuwe makini". Semeni hubonyezwa wapi.

Hina Mkomani
Tatizo laanzia kwenye faragha ya stetasi. Wengi huchagua "wote isipokuwa", wakawatoa wateja kumi, wakajiona wamemaliza. Mteja wa kumi na moja ukimhifadhi kesho ameshaingia, kwa sababu orodha ile yawajua waliofungiwa tu. Chagua ile ya kushiriki na uliowataja peke yao. Hapo anayehifadhiwa leo haoni kitu mpaka umtie mwenyewe.

Nahodha Kaskazi
Kweli tupu.

Fundi Langoni
Hicho ni kiraka, dada. Simu za laini mbili zimejaa madukani. Laini ya nyumbani iwe na WhatsApp ya kawaida, ya kazi iwe na WhatsApp Business, zote ndani ya simu moja, na Business haina malipo. Ila namba moja haikai kote kuwili, kwa hivyo usiihamishe ile ya nyumbani: ukiihamisha, gropu la ukoo na la wazazi wa shule yahamia dukani pamoja nayo. Chukua laini mpya. Jaza saa za kazi. Weka ujumbe wa salamu, humfikia anayeandika mara ya kwanza au aliyenyamaza siku 14. Weka na ujumbe wa kutokuwepo kwa usiku na sala ya Ijumaa. Bei na picha za safari ziende kwenye katalogi, ile orodha ya bidhaa ndani ya Business. Stetasi hufa baada ya saa 24, tena huiona yule tu uliyemhifadhi naye amekuhifadhi. Mgeni wa siku mbili hahifadhi namba ya mtu.

Maalim wa Amu
Laini mbili za nini? Moja yatosha, mtu akijua kunyamaza.

Hina Mkomani
Maalim, wewe huulizwi bei ya hina ya bi harusi saa sita za usiku.

Nahodha Kaskazi
Wenye laini mbili, tahadharini na msimu wa upepo wa kusi. Watu huzima ile ya kazi wageni wakiisha mwezi wa nne, wakaiwasha Septemba. WhatsApp hufuta akaunti iliyolala siku 120. Kuitia simuni peke yake hakusaidii, lazima uifungue WhatsApp kukiwa na bando. Mara moja kwa mwezi yatosha.

Nyumba ya Shela
Upande wa Instagram. Akaunti ya kazi ikifunguliwa tu, jamaa zako wote wapendekezewa, na ile ya nyumbani yaanza kuonyeshwa wageni. Chanzo ni ruhusa ya kusoma namba zilizo simuni. Kabla hujafungua, ingia mipangilio ya simu uiondoe ruhusa hiyo, kisha ndani ya Instagram zima kupakia namba, na utumie baruapepe nyingine. Akaunti ya biashara haiwezi kufungwa ikawa ya siri, kwa hivyo anayeigeuza ya zamani aondoe picha za familia kwanza. Programu hubeba akaunti 5, na ajali nyingi ziko hapo: arusi ya binamu yapostiwa kwenye peji ya nyumba. Picha za wasifu zisifanane hata rangi, na jicho litazame jina kabla ya kidole.

Mkunguni
Na majina je? Mgeni amejuana na "Captain" fulani, akituma pesa M-Pesa yamtolea jina jingine kabisa. Adhani katapeliwa. Mwenye kazi halali atumie jina la kitambulisho kila mahali.

Nahodha Kaskazi
Jina la baharini ndilo lililoandikwa na wageni kwenye Tripadvisor. Ukilitupa, umetupa na sifa zako zote.

Mkunguni
Sifa za jina la uongo.

Nahodha Kaskazi
Bwana, chunga ulimi. Hata babu zetu walijulikana kwa lakabu.

Fundi Langoni
Mwagombana bure. Peji ya biashara ichukue jina la baharini, wasifu wako wa Facebook ubaki na lako la kawaida. Usilichezee, kwa maana ukilibadilisha wangoja siku 60 kulibadilisha tena. Kisha kwenye majibu ya haraka ya Business andika sentensi moja: "Ukilipa utaona jina hili." Itume pamoja na namba ya malipo, isitangulie wala isichelewe. Na Pochi la Biashara la M-Pesa hutenga pesa ya kazi na ya mfukoni kwenye laini ile ile.

Mkunguni
Bado nasema jina moja.

Bint Wiyoni
Nyinyi mwagombania majina, na kuna nahodha ametekwa namba mchana kweupe, nusu ya forodha yajua. Alipigiwa na mtu anayelijua gropu lao la mashua kwa jina. Akaambiwa kuna mkutano mtandaoni, "zitakujia namba sita, nisomee nikuingize." Namba zile hazina mkutano wowote, ni za kusajili WhatsApp yake kwenye simu nyingine. Kumaliza kuzisoma, yake ikamtoa. Mwizi akaweka PIN, akaingia gropu moja baada ya jingine. Wageni waliokwisha kulipa nusu ya safari wakaambiwa walete nusu ya pili kwa namba "mpya". Wajomba wakaombwa pesa za hospitali kwa jina la mamake. Na kwa kuwa kazi na nyumba zilikaa namba moja, mlango mmoja ulimpa mwizi vyumba vyote. Mgeni mmoja alifika gatini na risiti mkononi, na mashua imeshachukuliwa na watu wengine.

Mkunguni
Inna lillahi. Ni nani huyo?

Hina Mkomani
Usimtaje!

Mkunguni
Mimi namjua, ni yule wa

Nahodha Kaskazi
Komea hapo.

Fundi Langoni
Likikupata, usikae kulia. Laini ingali mkononi mwako, kwa hivyo isajili WhatsApp upya papo hapo. SMS yaja kwako, na ukitia zile namba 6 mwizi atolewa. Akiwa ameweka PIN utangoja siku 7, lakini naye hayumo. Siku hizo wapigie wateja simu ya kawaida. Ukirudi: Mipangilio, Akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, weka PIN yako na baruapepe. Kisha fungua vifaa vilivyounganishwa, uondoe usichokijua.

Maalim wa Amu
Haya, laini mbili nimekubali. Walimu wenzangu, picha za watoto msizipost. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019, na 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mwaka huo huo mkahawa mmoja Nairobi ulitozwa 1,850,000 kwa picha ya mteja.

Hina Mkomani
Na sisi wa arusi vile vile. Idhini iandikwe, na bi harusi akisema ondoa, yaondolewa. Piga picha ya mikono peke yake, ukuta mtupu, pete zivuliwe. Hapa kwetu pete na mlango wa nakshi humtaja mtu kabla ya uso wake. Picha isitumwe kama dokumenti, kwa maana hubeba na mahali ilipopigwa. Ikitumwa kama picha, WhatsApp huyafuta hayo.

Nahodha Kaskazi
Nimekwisha andika namba mpya kila mahali. Ya zamani imebaki ubavuni mwa mashua tu, rangi ni ghali.

Fundi Langoni
Ifute, ami. Laini iliyoachwa kampuni ya simu humuuzia mtu mwingine, na wageni wako watamwandikia yeye. Hata chokaa yatosha.